Bomba la Tope Mapajani mwa Mama

Mama yangu, Kelemi, hajui kumwomba mtu kitu. Baba alipofariki, alipakia mwenyewe chumvi ya kwetu Unianga juu ya ngamia akaongoza msafara jangwani mpaka mji wa Faya, na wanaume waliomcheka wakaishia kumfuata nyuma. Basi mimi bintiye niliporudi kutoka chuoni kuja kuchimba tope la chini ya ziwa letu, aliona nimemwaibisha.

"Nimekusomesha ili uje uchezee matope?"

Nilimweleza kwamba kila mwaka ziwa huacha tabaka jembamba chini yake, na anayejua kuyasoma matabaka hayo atajua mvua iliisha lini na jangwa likaingia lini. Akasonya.

Siku ya kusafirisha kwenda maabara ya Njamena bomba la kwanza, tulilolididimiza chini ya ziwa likajaa tope, chuma kilicholishikilia wima garini kilivunjika tulipopita kwenye mawe, nje tu ya kijiji. Tope la juu bado lilikuwa laini kama uji. Bomba likilala, matabaka yangechanganyika na kazi yangu yote ingeharibika. Nami nilikuwa na mimba kubwa, siwezi kurushwarushwa nyuma ya gari. Nikalia. Mama, aliyekuwa amepanda huko nyuma na magunia yake ya tende bila kuomba lifti, akalivuta bomba mapajani akalikumbatia.

"Futa machozi. Nimebeba chumvi miaka yote, nitashindwa na tope?"

Shida ilikuwa dereva, mume wangu Barkai. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake wala hasemi naye, na Barkai alikuwa ameshakigeuza kioo cha kutazamia nyuma asimwone. Gari liliporuka kwenye tuta la kwanza la mchanga, mama aliliinamia bomba.

"We tope, mwambie huyo dereva hapa hatushindani na mtu."

Barkai akapunguza mwendo, macho mbele. "Tope, mwambie aliyekubeba nimesikia."

"Muulize na leseni aliiokota wapi."

Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke. Wakaendelea hivyo njia nzima, watu ambao hawakuwahi kusemezana tangu harusi yetu. Tulipofika Faya magunia ya tende yalishushwa, mama akakataa kushuka. Alisema bomba lake hampi mtu.

Tulipolipasua huko Njamena, matabaka yalikuwa yamelala sawasawa, hakuna hata moja lililovurugika. Nilimwonyesha ya juu, yenye mchanga mwingi, kisha ya chini, meusi, ya enzi za mvua na nyasi, kabla jua halijakausha maji na kuacha chumvi. Akayapapasa yale meusi kwa kidole.

"Kumbe chumvi yangu ilikuwa maji matamu," alisema.

Sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama siku ile. Barkai alikuwa amesimama mlangoni, uso ameugeuzia ukutani. Mama akaliinamia tena lile tope.

"Tope, mwambie mwanangu pale mlangoni kwamba anajua kuendesha."

Barkai, uso bado ukutani, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.