Barakoa ya Kipanga

Ningenyamaza tu siku ile, bado ningekuwa naheshimiwa. Mimi ni mlinzi wa mapokezi katika kliniki ya vipanga hapa Doha. Mteja mmoja alipoingia kwa daktari kuulizia dawa, alinivisha glavu akaniachia ndege wake, macho yamezibwa kwa kikofia cha ngozi.

"Waarabu wa hapa wanakiita burgu," nikamweleza Nakato, Mganda anayefanya usafi. "Ndiko lilikotoka neno letu barakoa. Bibi yangu Mombasa alivaa ya kitambaa, lakini yake iliacha macho wazi."

"Sasa huyu mbona amezibwa macho?"

Sikujua. Lakini nilikuwa nimeshaanza kusomesha. "Urembo tu," nikasema, nikamvua ndege kikofia ili Nakato akione.

Kipanga akatazama ukumbi. Akaona ufagio wa manyoya mkononi mwa Nakato, akadhani ni windo. Kamba aliyofungwa mguuni ikanitoka mkononi. Nakato akanirushia ufagio, nami kwa ujinga nikaudaka.

Mteja alinikuta chini ya viti, kipanga mgongoni, manyoya mdomoni.

"Unajua kwa nini tunamfunika macho?" akauliza.

Nakato akanijibia kutoka nyuma ya mlango: "Urembo tu, bosi. Huyo ndiye mtaalamu."