Mbegu za Ukuta wa Jikoni

Siku yangu ya kwanza kazini, pale kitaluni Kwihara, Msimamizi wa Kitalu aliniuliza swali moja tu.

"Umeshaua miche mingapi?"

"Shikamoo mzee. Sijaua hata mmoja."

"Marahaba. Basi bado hujaanza kazi. Chukua ndoo."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilidhani nyanya ni nyanya tu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba kuna nyanya fupi, ambazo hukoma kurefuka zenyewe na kuzaa karibu kwa pamoja, na kuna ndefu, ambazo huendelea kupanda mpaka mvua au ugonjwa uzisimamishe. Ndefu zinataka miti ya kuegemea, na machipukizi ya kwapani uyaondoe kila mara. "Mwenye bustani ya nyumbani mpe fupi," alisema. "Ndefu ina usumbufu kama mtoto mchanga." Nikaamini.

Kisha nikahamishiwa Igalula. Mkuu wa Kituo cha kilimo cha huko alicheka niliporudia maneno hayo. Yeye alitazama ganda tu, kwa sababu nyanya za pale zilisafiri kwa treni ndani ya matenga, yale makapu makubwa ya fito. Kila aina mpya aliidondosha sakafuni kutoka usawa wa kiuno. Iliyopasuka tuliila mchana, na isiyopasuka ndiyo tuliyowaoteshea watu.

"Kwa hiyo mkuu, tunakula tamu na kuotesha ngumu?"

"Umeanza kuelewa," akajibu, na hapo ndipo nilipoacha kuelewa.

Ni yeye pia aliyenieleza habari ya chotara, mbegu inayopatikana kwa kuchanganya aina mbili makusudi. Mwaka wa kwanza inazaa vizuri. Ukitunza mbegu zake ukazipanda tena, watoto hawafanani: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine hata hujui katoka kwa nani.

Lusu, kwenye mradi wa nyanya, niliomba kuhamia mwenyewe. Nina ugonjwa huo: nikishazoea njia ya kwenda kisimani, natamani kuhama. Huko nilimkuta bibi mmoja aliyeacha nyanya zake zipande juu ya uzio wa minyaa. Zilikuwa na mbavu kama boga dogo, chachu mpaka uso unajikunja. Mvua zilipokolea, nyanya za mradi wetu ziliungua majani kwa bakajani, ugonjwa wa ukungu unaoacha shamba kama limepitiwa na moto, ingawa tulizipiga dawa kila wiki. Za bibi zilibaki kijani.

"Bibi, unapiga dawa gani?"

"Dawa? Mimi mwenyewe naumwa mgongo sijaiona dawa, nyanya ndiyo niipe?"

Alinipa chache, nikampelekea mama nyumbani kwetu Kwihara. Mama alizikamua, akachanganya mbegu na majivu, akazipaka kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, juu ya mafiga, moshi uzilinde na wadudu. Wanawake wa kwetu wengi walitunza mbegu hivyo. Tangu mwaka ule alikula nyanya zake mwenyewe hata katikati ya mvua, wakati bustani za jirani zimekwisha.

Mradi ulipofungwa nilistaafishwa ningali na nguvu zangu. Njiani nilipita Lusu. Bibi alikuwa ameshafariki, na pale kwenye uzio palikuwa na mahindi. Kwa hiyo mbegu ile ilibaki mahali pamoja tu duniani ninapopajua, ukutani kwa mama.

Nikafika nyumbani nikakuta jiko la tofali. Mdogo wangu Masanja alikuwa amelibomoa lile la udongo ili amfurahishe mama, na kifusi akakimwaga bustanini.

"Mdogo wako kanijengea jiko," mama aliniambia, "na nyanya yangu kaizika."

"Mama, si nilikuuliza kama kuna kitu cha kutoa?" Masanja akalalamika.

"Uliniuliza vyombo!"

Mvua za kwanza ziliponyesha, kifusi kiliota nyanya tupu. Pale ukutani palikuwa pia na mbegu za nyanya za sokoni, na watoto wa chotara, na aina nyingine ya mbavu inayofanana kabisa na ya Lusu ila huoza mvua ikizidi. Nilichuchumaa nikaitazama miche ile, miaka yangu yote ya kazi kichwani, nisiweze kuutambua hata mmoja.

Masanja akaniletea bomba la mgongoni. "Piga dawa kaka, zipone zote."

"Zikipona zote tutabaki hatujui ipi ni ipi."

"Na usipopiga?"

"Zinaweza kufa zote, na ya Lusu imo humo humo."

Nikamtazama mama. "Usinitazame mimi, baba," akasema. "Bwana shamba ni wewe."

Nililibeba bomba likiwa limejaa, nikazunguka bustani, nikalitua. Sikupiga. Ninyi mnaoanza kazi hii msiniulize kama nilifanya sawa. Msimamizi wa Kwihara angenifukuza, Mkuu wa Igalula angecheka, na bibi wa Lusu asingeelewa ninahangaika na nini.

Ukungu ulikuja, bustani ikageuka kahawia. Ulibaki mche mmoja, kando ya uzio wa choo, kijani kabisa. Tukausubiri. Ulipozaa, tunda lilikuwa la mviringo, laini, la rangi ya manjano, halina ubavu hata mmoja. Nyanya kwa kawaida hujichavusha yenyewe, lakini nyuki naye ana mambo yake. Pengine ni mtoto wa ile ya Lusu. Pengine ni wa chotara wa sokoni. Hadi leo sijui.

Mama alilichuma, akalitia chumvi, akauma akiwa amesimama pale pale.

"Siyo yenyewe."

"Una hakika, mama?"

"Ile ilikuwa inanikunja uso." Akautazama ule mche katikati ya mabua makavu, akatema mbegu kiganjani, akanipa. "Tunza hizi."

"Tuiite nyanya gani?"

"Jina la nini sasa hivi? Ngoja tuione mvua nyingine."

Nilikuwa nimepanga kuondoka mwezi ule kwenda Urambo. Nikamuuliza mvua nyingine ni lini, kana kwamba sijui.