Bei ya Mbuzi Mwaka wa Ukame

Nimekula mshahara wa Nairobi na nimekula mshahara wa Garissa, kwa hiyo najua ninalosema. Nairobi pesa yako huchukuliwa na mwenye nyumba kabla hujainusa. Garissa nyumba ilikuwa ya serikali, lakini maji yalikuja kwa punda kutoka mtoni, unga ulikuja kwa lori, na kila kilichokuja kwa lori kilidai nauli yake kwako. Ndiyo sababu sisi makarani wa ofisi ya wilaya, pamoja na mkalimani wetu, tulipewa nyongeza ndogo juu ya mshahara. Tuliiita pesa ya jua.

Mwishoni mwa miaka ya arobaini tulikuwa makarani wawili. Mimi ni mwenyeji, Msomali wa hapo hapo. Mwenzangu alitoka bara, na mkewe na watoto wao alikuwa amewaacha katika chumba kimoja Pumwani. Pesa ya jua aliituma yote Nairobi ikalipe chumba hicho. Mshahara wenyewe uliishia kwenye chakula, chake na chao. Tuliposikia kwamba ofisa wa mishahara, Mzungu, anakuja kutoka Nairobi kuangalia kama nyongeza bado inastahili, mimi nilinuna kidogo. Yeye alikonda.

Ofisa alikuja wakati mbaya. Mvua ilikuwa imekataa mara mbili, na wafugaji kutoka upande wa Bura walileta mifugo sokoni iuzwe kabla haijafa. Mbuzi walishikiliwa mkia ili wasianguke mbele ya mnunuzi. Mzee mmoja alimtoa mbuzi wake wa maziwa kwa kifurushi cha sukari, akaondoka bila kugeuka nyuma. Hapo ndipo ofisa aliposimama na kalamu yake.

"Hii bei gani?" aliuliza, akimwonyesha mwingine.

Mkalimani wa ofisi akamtajia.

"Mbuzi mzima?"

"Mzima, bwana. Chukua na kamba yake."

Watu wakacheka. Ofisa naye alicheka, akaandika. Nairobi, alisema, pesa hiyo hainunui hata paja.

Mwenzangu akasogea. "Bwana, hawa wanauzwa kwa sababu wanakufa. Mvua ikinyesha hutampata hata mmoja kwa bei hii. Na sisi wa bara tunaishi kwa unga. Tafadhali uliza bei ya unga."

Tukaenda dukani. Siku hizo serikali ndiyo iliyopanga bei ya unga, na aliyeuza zaidi alitozwa faini. Mwenye duka alimwona Mzungu akiingia na kitabu mkononi, akaitaja bei ya serikali bila kupepesa macho. Kwa bei hiyo hakuwa amemuuzia mtu tangu nimjue. Ukiitaja, alikuambia unga umekwisha. Mwenzangu alifungua mdomo, akaufunga. Duka lenye unga lilikuwa hilo moja tu.

Tulipotoka alinishika mkono. "Ungesema wewe. Wewe ni mwenyeji."

"Na kesho nile wapi?" nilimjibu.

Kilichobaki ni chakula cha mchana nyumbani kwa mkalimani, mtu mzima tuliyemwita adeer, yaani baba mdogo. Mwenzangu alimkimbilia kabla mgeni hajafika.

"Adeer, mpe uji. Mpe tunachokula sisi, aone kwa macho yake."

"Uji?" Mkalimani alimtazama kama mtu aliyetemewa mate. "Mgeni anakuja nyumba yangu, mimi nampa uji? Watu watasema nini, waryaa, we kijana?"

"Chumba cha watoto wangu, adeer."

"Watoto yako iko Nairobi. Mgeni iko hapa."

Akachinja mbuzi wawili. Lilitangulia ini, kisha mbavu, kisha wali uliokuwa umewekwa kwa ajili ya Idi, unaong'aa kwa samli. Ofisa alikula mpaka akalegeza mkanda. Aliuliza kama hapa watu hula hivi siku zote. Mkalimani akavuta pumzi, akajaza kifua.

"Wallahi, bwana, nyumba yangu haijakosa nyama hata siku moja."

Kalamu ikatoka tena, vidole vikiwa bado na mafuta. Mwenzangu alikuwa mwisho wa mkeka, hajagusa kitu. Mkalimani akamrushia mfupa. "Kula, mtu wa bara. Ama unangoja uji?" Tulicheka sote. Ofisa pia alicheka, ingawa hakujua tunacheka nini.

Barua ilifika kabla ya mvua. Ilisema chakula cha Garissa, hasa nyama, ni rahisi kuliko cha Nairobi, na kwa hiyo nyongeza imeondolewa. Mkalimani naye alipoteza ya kwake. Alimlaani yule ofisa mchana kutwa. Mbuzi wake hakuwataja.

Kisha mvua ikanyesha. Wafugaji walirudi malishoni na mifugo michache iliyobaki, na mbuzi akapanda bei kupita ya Nairobi. Mwenzangu aliandika Nairobi kueleza hayo. Alijibiwa kwamba jambo hilo lilikwisha kuchunguzwa papo hapo Garissa, na kwamba wafanyakazi wenyewe walihojiwa.

Mkewe alitolewa chumbani Pumwani. Siku hizo mgeni hakuingia wilaya ile bila kibali; kilipopatikana, alikuja na watoto kwa lori la sukari, wamekaa juu ya magunia, miguu ya kitanda imefungwa pamoja na sufuria. Watoto walishuka midomo imekauka. Kwa kuwa baba yao aliwahi kuwaandikia habari za soko la Garissa, mdogo aliulizia nyama kabla hajaulizia maji.

Jioni hiyo mkalimani alikuja kuwakaribisha, kama ilivyo desturi, mbele ya majirani waliokusanyika kuwaona wageni. Nyuma yake binti yake alibeba sufuria.

"Karibuni sana," alisema. "Mbuzi sasa hawashikiki. Nimewaletea uji."

Mwenzangu aliipokea ile sufuria. Kisha aliwagawia wanawe, mmoja baada ya mwingine. Majirani wote waliona.