Niliomba Goti Lisipone

Mume wangu alipofariki, mwanetu alikuwa na mwaka wa nne akicheza mpira wa Kimarekani kwa kulipwa, huko magharibi ya nchi. Alianza shuleni, hapa mtaani kwetu Rexdale, huku ughaibuni. Kocha mmoja aliyekaa jengo letu alimwona akipanda ngazi na gunia la mchele begani, lifti ikiwa imeharibika, akamwambia aje uwanjani. Mchezo wenyewe sikuuelewa. Wanauita mpira, lakini wanaushika mikononi, halafu wanagongana kama magari. Baba yake ndiye aliyeupenda. Mimi ukianza kwenye televisheni nilikwenda jikoni.

Alikuja kumzika baba yake akichechemea, goti limetoka kupasuliwa. Goti halikunitia hofu. Nilihofia kichwa. Mara mbili alikuwa amegongwa mpaka akatolewa uwanjani hajui yuko mji gani, na daktari alimwambia wazi kwamba mara ya tatu inaweza kumharibu. Timu ilingoja goti tu. Naye alisema goti likipona, atarudi.

Kanisani akina mama wakaanza kuliombea goti lile kila Jumatano. Niliinama pamoja nao. Waliposema lipone, mimi moyoni nilisema lisipone. Naandika kama ilivyokuwa: nilimwomba Mungu mwanangu abaki kilema kidogo, kisha nikaitikia amina kwa sauti kama wengine. Nilikuwa nimeshazika mmoja.

Goti likapona.

Mwaka ulipotimia tukaondoa matanga, kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu. Kwetu, siku hiyo mtoto wa kwanza husimama mbele ya ndugu na kusema ataishi vipi sasa baba hayupo, na akishasema, amesema. Mjane hachangii neno. Anakaa na kusikiliza. Shemeji yangu ndiye aliyeongoza.

"Haya, jitu," alimwambia mwanangu. "Simama. Unarudi kwenye vita yako ya kofia za chuma?"

Watu wakacheka.

"Baba mdogo, si za chuma."

"Usinifundishe! Sema, chakula kinapoa."

Akasimama. Nyumbani hunijibu kwa Kiingereza, lakini siku ile alijitahidi.

"Goti yangu imepona," alisema.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mikono yangu ilibaki mapajani.

"Timu waliniita. Nimekataa. Kichwa yangu, hapana. Nimepata kazi ya kocha. Shule yangu ya zamani."

"Ipi? Hii ya hapa?"

"Hii ya hapa. Basi moja tu."

"Kwa hiyo wenzako wanagongana, wewe unapiga kelele pembeni?"

"Ndiyo, baba mdogo. Na kupiga kelele najua. Nimejifunza kwako."

Ukumbi mzima ulicheka, shemeji mwenyewe zaidi. Mimi nikalia. Akina mama wakanizunguka, pole mama, pole, wakidhani namlilia marehemu. Niliwaacha wanishike. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kulia si kwa ajili yake.

Wageni walipoondoka, tukiwa tumebaki wawili tunaosha masufuria, nilimwambia mwanangu nilichokuwa naomba. Sikutaka abaki bila kujua. Alisimama na sufuria mkononi, maji yanachuruzika viatuni.

"Mama! Mwaka mzima nafanya mazoezi, kumbe nashindana na wewe?"

"Samahani, mwanangu."

Alicheka mpaka akaketi chini.

Huu ni msimu wake wa tatu wa ukocha. Mchezaji akigongwa kichwa anamtoa, hata kama ndiye bora, hata wazazi wakimzomea, na mara nyingi wanafungwa. Jumamosi anakuja kwangu amenuna, anamaliza sahani mbili za sombe yangu ya majani ya muhogo, kisha ananisimulia mchezo wote tangu mwanzo: nani alikimbilia wapi, nani aliangukia nani, dakika gani. Hasahau kitu hata kimoja. Mchezo bado siuelewi. Namwacha asimulie.