Dereva Aliyerudi Kituo cha Viboko

Barabara inakata kona, bahari inajitokeza yote kwa mpigo upande wa kushoto, na abiria tisa waliokuja likizo wanasema "aaa!" kwa sauti moja. Simu zinanyanyuliwa. Mtoto mmoja anapanda juu ya kiti. Dereva peke yake ndiye asiyetazama maji. Anapiga honi, anamaliza kona, halafu anafuta viganja kwenye suruali, kimoja baada ya kingine.

Kwa honi hizo wenzake wamempachika jina la Mama Kona. Ni mwaka wa kumi na mbili sasa anaendesha basi dogo la kampuni ya utalii, akiwapeleka wageni kando ya pwani asubuhi na kuwarudisha hotelini jioni, wamebabuka jua na wamechoka kwa raha.

Leo safari imeanza vizuri. Kutoka juu ya majabali wageni wameona pomboo wakirukaruka. Kituo cha pili tumbili amempora bibi mmoja miwani, akaivaa juu chini, na basi zima likacheka mpaka machozi. Mama Kona naye amecheka. Lakini kadiri kituo cha tatu kinavyokaribia, ndivyo maneno yanavyomwishia.

Kituo cha tatu ni pale mto unapoingia baharini. Hapo kuna viboko. Mama Kona hajasimamisha gari mahali hapo tangu msimu wa likizo uliopita.

Pembeni yake amekaa mwongoza watalii, mwanamume mwembamba anayeitwa Darubini kwa sababu darubini haimtoki shingoni. Ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mguu wake wa kulia ameunyoosha mbele, haukunjiki vizuri.

"Dada, tusimame au tupite?" anauliza kwa sauti ya chini.

"Bosi amesema tusimame."

"Nimekuuliza wewe. Sijamuuliza bosi."

Mama Kona anapunguza mwendo.

Siku ile ya mwaka jana maji ya bahari yalikuwa yamekupwa na ukingo wa mto ulikuwa mkavu. Wageni kumi na mmoja walishuka kupiga picha, kama wageni wote waliowatangulia. Viboko walionekana mbali, migongo tu, kama mawe. Hakuna aliyejua kwamba jike mmoja na mtoto wake walikuwa nchi kavu, ndani ya matete, nyuma ya wageni.

"Matete yalitikisika, na upepo haukuwepo," anasimulia Mama Kona, ambaye wakati huo alikuwa kwenye usukani. "Nikapiga honi. Shemeji akapiga kelele, ndani, ndani ya gari! Watu wakakimbia. Viatu vilibaki mchangani."

Kiboko alikuwa anataka maji, na watu walikuwa wamesimama kati yake na maji. Mwongozaji alibaki nyuma akimsukuma mzee mmoja ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia. Mzee alipofika mlangoni na kuvutwa ndani, mwongozaji alivua koti, akalipunga na kukimbilia upande mwingine ili mnyama amfuate yeye. Mnyama alimfuata. Na pale mchanga laini ulipoanza, mwongozaji akageuka na kukimbia kurudi kwenye basi, kiboko akiwa nyuma yake.

Mlango wa basi unafungwa kwa kitufe kilicho karibu na usukani. Mama Kona aliutazama mlango, umejaa watu waliokuwa bado wanasukumana kwenye ngazi. Alimtazama shemeji yake. Akabonyeza.

"Nilifunga, nikatia gia, nikaacha barabara, nikaliingiza gari mchangani kati yao," anasema. "Nilikuwa nimechelewa kidogo. Shemeji alikuwa ameshapigwa kikumbo. Pigo la pili lililipata gari."

Ubavu wa basi ulibonyea na vioo viwili vikamwagika juu ya abiria. Kiboko akalizunguka gari, akamfuata mwanawe majini. Hakuna mgeni aliyelazwa. Mwongozaji alivunjika mguu sehemu mbili, akakaa hospitali zaidi ya mwezi.

Kampuni ilimsimamisha Mama Kona kazi kwa kosa la kutoa gari barabarani. Dereva wa aina yake hulipwa kwa safari. Asiposafiri hana kitu. Kwa wiki tisa alifua nguo za majirani, na mwanawe wa kwanza akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Hayo, anasema, aliyamudu. Lililomshinda lilitokea wodini.

Mgeni mmoja, kwa nia njema kabisa, alimsimulia mdogo wa Mama Kona jinsi dereva alivyofunga mlango na kuwaokoa. Mdogo wake alisikia sehemu moja tu. Alisimama kando ya kitanda cha mumewe, akamwambia dada yake mbele ya wauguzi, "Ulimfungia mlango mume wangu." Tangu hapo hapokei simu zake. Wakikutana sokoni, anabadilisha njia.

Basi sasa limesimama. Injini haijazimwa, na mlango haujafunguliwa.

"Ndugu wageni, tutawaona tukiwa humu humu ndani," anatangaza Mama Kona. "Hakuna atakayeshuka."

Mzee mmoja mwenye kamera kubwa anainuka. "Mama, nimetoka mbali. Sikuja kupiga picha kioo."

"Kioo kinateremshwa, baba. Teremsha, piga."

"Kwenye tangazo mmeandika tutashuka!"

"Kweli kabisa, na mimi ndiye mwenye mlango. Ukitaka kunishtaki ofisini, nitakupa namba ya simu mwenyewe. Lakini leo hushuki."

Mzee anapiga kiti kwa kiganja. Mkewe anamvuta shati. Mama Kona haangalii viboko walio majini. Anaangalia matete, kwenye kioo cha kulia, kisha cha kushoto, kisha cha kulia tena. Shingo yake inatoka jasho ilhali madirisha yako wazi na upepo wa bahari unaingia.

Ni mtoto yule wa juu ya kiti anayeona kwanza. "Yule pale! Na mtoto wake!"

Jike anatoka kwenye matete bila haraka, ndama akimgusa ubavu. Wanapita mbele ya basi, karibu kiasi kwamba unaona mikwaruzo ya zamani kwenye ngozi, wanaingia majini. Mzee wa kamera anapiga picha mfululizo. Hasemi tena habari ya kushuka.

Mwongozaji hajanyanyua darubini. "Dada," anasema, macho mbele. Jambo hili hawajawahi kuliongea. "Siku ile uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukafunga."

"Nikafunga. Watu walikuwa wamejaa kwenye ngazi, shemeji. Ningeacha wazi, angekupata wewe na wao."

Mwongozaji anakuna shingo. "Mimi ningefunga vilevile," anasema. "Ila ningelia."

"Nililia. Wewe ulikuwa unakimbia, ungenionaje?"

Anacheka kidogo, bila kutaka, na kugeukia dirishani. Mama Kona analirudisha gari barabarani. Jioni, wageni wakishashuka hotelini, mzee wa kamera anarudi kumshika mkono.

Akiwa anafagia mchanga chini ya viti, Mama Kona anaeleza mpango wake. Bosi anataka wageni waanze tena kushuka pale. Yeye amemwambia atafute dereva mwingine wa kituo hicho, na anasubiri jibu. Hilo halimnyimi usingizi. Jumapili hana safari. Atakwenda nyumbani kwa mdogo wake, na hatamtanguliza shemeji amsemee.

"Nitamwambia mwenyewe kwamba nilimwona mumewe, na nikafunga. Asilisikie tena kwa mgeni."

Na akimfukuza?

Anasimamisha ufagio. "Nitarudi Jumapili nyingine, na nyingine. Yule nimemlea mgongoni, mama yetu akiwa kazini. Nitamchokaje?"