Piza ya Magunzi na Shangazi wa Bumula

Busaa, pombe yetu ya kienyeji, ikichacha ina harufu isiyojificha. Ni uchachu wa unga wa mahindi uliokaangwa, pamoja na kimea cha wimbi, na ndani yake kuna utamu kidogo, kama wa mkate ambao haujaamua kuwa mkate. Juzi nilikuwa napita nyuma ya soko la Bungoma, pale wanapouza kimea kwenye magunia, harufu hiyo ikanishika nikasimama. Walioniona labda walidhani nimemfuata mume mlevi. Kumbe mimi nilikuwa nimerudi Kitale, jikoni kwetu, nina miaka kumi na mitano, unga umenifika viwikoni, najaribu kupika piza.

Ndiyo, piza. Usicheke bado.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwisho. Baba alitangulia, na Mama akamfuata kabla hatujazoea kumkosa Baba. Tukabaki watatu katika nyumba ya udongo nje kidogo ya mji: mimi Naliaka, kifungua mimba; Wafula, aliyekuwa na miaka kumi; na Nasimiyu, aliyekuwa bado anang'oka meno ya utotoni. Siku ya kunyolewa nywele baada ya mazishi ya Mama, wazee wa ukoo walikaa uani wakatugawa. Wafula aende kwa baba mdogo, huko Kachibora. Nasimiyu achukuliwe na Shangazi Trufena, dada ya Baba, aliyeolewa Bumula. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule, darasa la saba, Mama alipolazwa, kwa hiyo wakasema nimekua, nitafute kazi. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walikuwa kama watu wanaobeba kabati zito, kila mmoja akitafuta pa kushika. Shangazi ndiye aliyeomba tusitawanywe mpaka mahindi yavunwe. Baada ya hapo, akasema, atakuja yeye mwenyewe kumchukua Nasimiyu.

Nilipata kibarua cha kufua na kuosha vyombo kwa Mama Lorna, mke wa ofisa mmoja wa kilimo. Alikuwa na jiko la gesi lenye oveni, na mimi nililisugua oveni hilo kwa heshima kama altare. Siku bintiye alipofikisha miaka sita, alipika piza. Jioni akanipa vipande viwili vya pembeni, nikavifunga kwenye karatasi nikaenda navyo nyumbani vikiwa bado vuguvugu.

Ni lazima niwaambie kwamba Nasimiyu alikuwa ameacha kula. Si kwamba alikataa. Alikaa mbele ya ugali akaukanda kwa vidole mpaka ukapoa, halafu akasema ameshiba. Siku ile alikula kipande chake, akalamba karatasi, akaniangalia.

"Ingine iko?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuomba chakula tangu tumzike Mama. Nikaamua hapo hapo: Shangazi akija, atamkuta Nasimiyu anakula piza katika nyumba yake mwenyewe. Katika akili yangu ya wakati ule, hakuna mtu angethubutu kumtoa mtoto katika nyumba inayopika piza.

Shida ni kwamba niliijua piza kwa kuiangalia tu. Ya kwanza niliipika kama chapati, nyanya juu, kwenye sufuria iliyofunikwa. Chini iliungua ikawa nyeusi, juu nyanya zikabaki zinaelea mbichi. Wafula aliizunguka mara mbili.

"Dada, hii umepika ama umechoma shamba?"

Tukaelewa kwamba moto lazima utoke juu pia. Nikachukua sufuria kubwa ya Mama, ile ya matanga, nikamwaga mchanga wa mtoni chini, nikapanga mawe matatu, na juu yake sahani ya bati. Juu ya mfuniko tukaweka moto. Makaa hatukuyaweza, lakini Kitale baada ya kupukuchua mahindi, magunzi yako kila mahali, hata mbuzi wanayaruka. Gunzi linashika haraka na kuzimika haraka, kwa hiyo Wafula alikaa kwenye kigoda, koleo mkononi, akibadilisha yaliyochoka. Saa hatukuwa nayo. Nasimiyu aliimba nyimbo za shule ya Jumapili, moja baada ya nyingine, na tulijua piza imeiva alipofika kwenye wimbo fulani wenye makofi. Akiwa na njaa aliimba haraka, na mkate ulitoka mbichi. Jibini ilikuwa ndoto. Nilichuja maziwa mala, yale yaliyoganda, kwa kitambaa usiku kucha nikapata kitu cheupe kizito, nikasema hicho kinatosha.

Ya pili iliiva juu na chini, lakini haikuumuka. Niliigonga mezani ikaitika kama mlango.

Hamira ya Mama Lorna ilikaa kwenye kopo lake, na mimi sikuwa mtu wa kugusa makopo ya watu. Duka la karibu halikuuza. Lakini nyuma ya ua wetu aliishi Kukhu Nanjala, bibi mzee aliyepika busaa kwa siri, sikio moja likiwasikiliza askari wa chifu. Nikachungulia pipa lake, nikaona povu linavyopanda lenyewe, na nikafikiri: hicho ndicho ninachokosa. Nikaenda na kikombe.

"Wewe mtoto wa kanisa, busaa unataka ya nini?"

"Ya mkate, Kukhu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Basi huo mkate usiufikishe kanisani."

Siku ya Shangazi ikafika. Kwetu Wabukusu, dada ya baba hapewi mboga. Anachinjiwa kuku, na kuku huyo analetwa mezani vipande vikijulikana: paja lionekane ni paja, kidari kiwe kidari, mgeni aone kwamba hakuibiwa. Firigisi inakwenda kwa mwanamume, mwenye nyumba. Mama alipika kuku wengi maishani mwake na sikuwahi kumwona akiionja firigisi, hata kwa kulamba mwiko. Nikamchinja kuku wetu mmoja tuliyebaki naye. Halafu nikafanya jambo ambalo nadhani hakuna msichana wa Kibukusu aliyelifanya kabla yangu: nikamchemsha, nikamchambua, nikamkatakata vipande vidogo kama kucha, nimtawanye juu ya unga. Firigisi peke yake sikuthubutu. Niliiweka pembeni kwenye kibakuli, ya Wafula.

Shangazi alifika kabla hatujamaliza, kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa kichwani, kikapu mkononi. Alitubusu, akakaa, kisha pua yake ikainuka.

"Naliaka. Hii nyumba inanuka busaa, ama ni pua yangu?"

Sijafungua mdomo, Wafula akajibu. "Si ya kunywa, Shangazi. Ni ya kupika."

"Ati ya kupika!"

Akafunua beseni mwenyewe. Unga ulikuwa umepanda mpaka ukingoni. Akaudunga kidole, nao ukashusha pumzi kama mtu aliyechoka, harufu ikamjaa usoni.

"Mungu wangu. Watoto wa ndugu yangu wanachachisha pombe kwa beseni la kuogea!"

"Ni la kufulia, Shangazi," Wafula akasema.

Hakumsikia. Alimgeukia Nasimiyu. "Wewe, leta nguo zako."

Kila nilichokuwa nimepanga kilikuwa kinatoka mlangoni na kikapu kile. Lakini Nasimiyu hakusogea.

"Siwezi, Shangazi. Bado sijaimba."

"Kuimba nini tena?"

Hapo hapo Wafula, aliyekuwa ameshachomoka nje, akapiga kelele kwamba magunzi yameshika, na gunzi halimngoji mtu. Nikatandaza unga, nyanya, maziwa, kuku, nikatoka mbio. Nasimiyu akasimama karibu na sufuria, mikono nyuma, akaanza. Wafula aliondoa majivu na kupanga moto. Mimi niligeuza sahani kila wimbo ulipoisha. Hakuna aliyemwambia mwenzake la kufanya. Shangazi alisimama mlangoni, kikapu bado mkononi, na wimbo wa makofi ulipofika nilisikia mtu wa nne akipiga makofi, polepole, kama mtu anayesahau kwamba amekasirika.

Piza ilitoka imepinda upande mmoja, lakini ilikuwa imeumuka. Shangazi aliiombea sala ndefu, na ndani yake akawataja waliopotea njia kwa sababu ya kileo. Kisha akafungua macho.

"Na kuku? Manyoya nimeona huko nje, kuku sioni."

"Ni hiyo iko juu, Shangazi."

"Hii?" Akachokoa kwa kidole. "Paja ni gani hapa? Mimi, dada ya baba yenu, nakula kuku haina miguu?"

Lakini alikula. Nasimiyu alikula kipande, akachukua kingine, midomo ikang'aa mafuta, na Shangazi alimwangalia muda mrefu kuliko alivyoangalia sahani yake. Mwishowe akauliza firigisi iko wapi. Nikamsogezea Wafula kibakuli. Wafula akainuka, akazunguka meza, akakiweka mbele yangu.

"Hiyo ni yako," nikamnong'oneza.

"Si inapewa mwenye nyumba?" akasema, mdomo umejaa. "Sasa kula. Itapoa."

Nilimtazama Shangazi. Nilitarajia aite wazee wote wa Bumula kutoka pale alipokaa. Alikunja kitambaa chake cha mkononi, akakikunjua.

"Si umeambiwa itapoa," akasema.

Nikaila. Haikuwa imeiva. Niliitafuna na kuitafuna, machozi yananitoka, na mpaka leo siwezi kusema ni kwa sababu gani.

Jioni aliondoka peke yake. Aliniomba kipande nikamfungie, akasema ataongea na wazee, na kwamba nitafute hamira kama watu. Wafula hakwenda Kachibora. Nasimiyu hakwenda Bumula. Miaka iliyofuata haikuwa myepesi, lakini tulikuwa wote chini ya bati moja, na kwa muda mrefu niliisimulia siku ile kama ushindi: nilivyomshinda Shangazi kwa piza.

Niliisimulia hivyo mpaka mwisho wa miaka ya tisini, Nasimiyu alipoitwa chuo cha ualimu, tukaenda pamoja Bumula kumuaga Shangazi. Shangazi alikuwa na wana wa kiume tu, wakubwa, wameshatawanyika. Katika chumba cha nyuma nilikuta kitanda kifupi cha mtoto, kimetandikwa shuka safi na kitambaa cha kufuma. Nikamuuliza ni cha nani.

"Cha huyu," akasema, akimwonyesha Nasimiyu kwa kidevu. "Fundi alimaliza ile wiki nilikuja kwenu."

Alisema bila kulalamika. Aliwaambia wazee kwamba nyumba ya kaka yake ina mwenyewe, wakagomba naye, naye akarudia hivyo hivyo mpaka wakachoka. Wakati wote ule nilidhani alikuja kuchukua. Sikuwahi kuwaza kwamba alikuwa na kitu cha kuacha, wala kwamba njia yote ya kurudi alibeba kipande cha piza katika kikapu alichokileta kwa ajili ya nguo za binti.

Nasimiyu hakutaka kulala kwingine. Alijilaza kwenye kitanda kile, mrefu kama alivyokuwa, miguu ikatokeza nje. Shangazi akamwangalia, akatoka, akarudi na kigoda, akakiweka mwisho wa kitanda, akainyanyua ile miguu mmoja mmoja na kuilaza juu yake.