Aliyeshika Kiazi

Paspoti hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya studio yake ya chumba kimoja na nusu iliyobanwa kati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Humo mtu alikalishwa kwenye stuli, akaambiwa anyanyue kidevu, afunge mdomo, asicheke, na baada ya dakika kumi akatoka na vipicha vinne vyenye sura ambayo hata mama yake mzazi asingeipenda. Paspoti aliifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Nadhani ni askari wa mpakani tu waliomzidi kwa kutazama nyuso za watu.

Alikuwa na jina la pili, ambalo watu walilitaja akishapita. Mpiga Mihogo. Kila Jumatano mchana, wateja wakishapungua, alifunga mlango, akatundika kitambaa kizito cheusi mbele ya ukuta, akatoa mfukoni muhogo mmoja, au gimbi, au kiazi kikuu chenye udongo wake, akakaa nacho dirishani saa nzima akikipiga picha. Hakuziuza picha hizo wala hakumpa mtu. Kinyozi alikuwa akimuuliza kupitia ukutani muhogo wa leo unasafiri nchi gani, na kama viza yake imetoka. Paspoti alimjibu kwamba umenyimwa kwa kukosa meno. Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake, na kinyozi hakujua kwamba mwenzake alicheka huku ameegemeza kichwa ukutani.

Lakini ukiziona picha zenyewe, utani unakukauka mdomoni. Kuna gimbi lenye pete na vinyweleo shingoni, limekaa kizee, linakutazama kama linakujua. Kuna karoti iliyogawanyika miguu miwili, mmoja umepanda juu ya mwenzake. Kuna bitiruti iliyokatwa, imejaa duara ndani ya duara, na kuna muhogo uliochubuliwa na jembe ukiwa bado mdogo, ukajifunga kidonda wenyewe hukohuko chini, ukaendelea kunenepa. Na vyote vimesimama hewani, katikati ya weusi mtupu, havikushikwa na kitu. Kitu kilichokulia gizani bila kuonwa na mtu, kikaletwa kwenye mwanga mara moja tu kabla ya kuingia sufuriani, hicho nacho kina haki ya picha moja. Hivyo ndivyo Paspoti alivyowaambia waliouliza. Maneno yalikuwa ya mkewe.

Mkewe alikuwa muuza viazi katika soko lililo nyuma ya studio. Siku moja bwana shamba alikuja kuagiza picha za mazao ya mizizi za kubandika ofisini kwake, na Paspoti, aliyezoea watu, akaipanga mihogo mezani na kuiwashia taa. Mkewe alipita kumletea chakula, akachungulia. Akamwambia anailaza kama maiti, na hakuna anayependa kupigwa picha akiwa maiti. Akatoboa kitambaa cheusi matundu mawili, akavaa soksi nyeusi za mumewe mikononi mpaka kwenye viwiko, akaingia nyuma ya kitambaa na kuipenyeza mikono kwenye matundu. Kiazi kikasimama hewani. Paspoti akazima taa na kutumia mwanga wa dirisha peke yake, na kwa kuwa mwanga ulikuwa hafifu, ilimbidi aiache kamera wazi kwa sekunde mbili nzima. Muda huo mkewe alibana pumzi. Kabla ya kila picha alisema, "Nageuza kidogo," akakigeuza, na ingawa hakukiona alikipatia kila mara, kwa kuwa vidole vyake vilivijua viazi kuliko macho ya watu.

Bwana shamba alipata picha zake, lakini wao wawili hawakuacha. Kwa miaka mitatu, kila filamu ilipobakiwa na nafasi ya picha moja au mbili baada ya wateja, Paspoti alimwita mkewe, naye akaja mbio na kile alichokiona kizuri kuliko vyote siku hiyo. Kisha mkewe akashikwa na homa. Ilimchukua kwa siku nne. Binti yao alikuwa na miaka miwili na nusu.

Siku ya msiba watu waliuliza picha ya marehemu. Paspoti aliingia studio kuitafuta, akapekua droo, maboksi, bahasha, akatoka amenywea. Hakukuwa na hata moja. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini na huyu alizidisha. Siku ya ndoa yao alimpa mpiga picha mwenzake kamera, na mwenzake akaivalisha filamu vibaya, haikushika meno ya kuivuta. Kamera ikahesabu thelathini na sita mpaka mwisho na filamu haikusogea hata inchi. Paspoti akasema si neno, mke ninaye nyumbani, tutapiga tena mwanga ukiwa mzuri. Mwanga haukuwahi kuwa mzuri wa kutosha. Kitambulisho cha mkewe nacho kilirudishwa serikalini pamoja na karatasi za kifo. Paspoti mwenyewe alikipitisha dirishani kwa mkono wake, akili ikiwa haiko, na karani akakitumbukiza kwenye ndoo pamoja na vingine.

Binti alilelewa na shangazi yake, dada ya Paspoti, mitaa mitatu kutoka hapo. Alipokuwa na miaka minane aliuliza mama yake alifananaje. Paspoti akamwambia picha ipo, imefungiwa sandukuni, atapewa akikua. Alipokua akaambiwa akimaliza shule. Alipomaliza akaambiwa akipata kazi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Paspoti ilifika miaka ishirini, na ilipita mbele ya macho ya mtoto wake mwenyewe.

Sasa nitaje lile alilokuwa hamwambii mtu, hata dada yake. Alikuwa ameusahau uso. Sauti aliikumbuka, na harufu ya udongo kwenye vidole, na namna alivyotembea amebeba kapu ubavuni. Ila kila alipofumba macho kuutafuta uso ulimjia uso wa mteja wa mwisho aliyekaa kwenye stuli, kidevu juu, mdomo umefungwa. Nyuso zote zile zilimkalia juu mkewe mmoja baada ya mwingine mpaka zikamfunika. Miaka ya mwanzo alijifungia katika chumba cha giza akizisafisha upya picha za viazi, akizifanya nyeupe zaidi na zaidi, kwa kuwa mkewe yumo katika kila moja, hatua moja nyuma ya kiazi, anabana pumzi. Kiazi kilipauka, kikatoweka kabisa, na pale aliposimama yeye pakabaki ukungu wa punje za kijivu. Alizitazama punje hizo mpaka zikaanza kumtazama.

Ndiyo maana ya Jumatano. Sasa, bila mikono ya mkewe, alivitundika viazi kwa uzi mwembamba mbele ya kitambaa kilekile, matundu yake mawili ameyashona. Alikaa nyuma ya kamera na kungoja. Uzi ulitulia. Halafu, bila mlango kufunguliwa, kiazi kilizunguka taratibu, kiasi cha kidole kimoja, kikasimama mahali penyewe hasa. Mwanzoni alisema ni upepo wa chini ya mlango, akauziba kwa gunia. Kikazunguka vilevile. Akawa anasema "Haya" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeambiwa jambo, ndipo anapiga.

Jumatano moja mlango uligongwa akiwa katikati ya kazi hiyo. Alikuwa binti yake, na tumbo la miezi saba limetangulia. Alikuwa nesi, ametoka zamu ya asubuhi, viatu vyeupe bado miguuni. Akakaa kwenye stuli ya wateja bila kuambiwa, akalitazama gimbi likining'inia, akasema amekuja kuchukua picha ya mama yake.

Paspoti akaanza kupiga chenga. Akasema ufunguo wa sanduku umepotea, akasema picha zinaharibika zikitolewa kwenye joto, akauliza kama amekula. Binti alimwacha amalize.

"Baba, mtoto akizaliwa watu wataanza kusema kafanana na huyu, kafanana na yule," alisema. "Upande wa mume wangu wana nyuso mpaka za babu zao. Mimi nataka nimwangalie mwanangu nijue kama mama yangu yumo. Nipe leo. Hata kama imechanika nipe hivyohivyo."

Paspoti aliangalia chini. Alijua amefikishwa ukutani, na alijua kwamba akisema ukweli huenda huyu mtoto atatoka na asirudi, na mjukuu atamwona kwa mbali kama wanavyomwona wengine, mzee wa viazi. Ila alikuwa amechoka kuubeba uongo ule, na mtu aliyechoka hatui mzigo kwa adabu.

"Hakuna picha," alisema. "Haijawahi kuwepo. Nilikudanganya."

Akamweleza yote, filamu isiyoshika meno, kitambulisho, ndoo ya karani. Na kwa kuwa alishaanza akamalizia na lile kubwa, kwamba yeye mwenyewe haukumbuki uso, na kila siku anaamka anautafuta. Binti hakulia. Aliweka mkono juu ya tumbo, akalitazama gimbi kwenye uzi wake, na Paspoti akaona afadhali angetukanwa.

"Nimekuwa nikijitazama kwenye kioo," binti alisema mwishowe. "Nasema pua hii si ya baba, basi ni yake. Miaka yote hiyo nikijua siku moja nitahakikisha."

Paspoti alinyanyuka, akaenda nyuma, akarudi na boksi la viatu, akaliweka mapajani mwa binti. Zilikuwa picha za viazi za miaka ile mitatu. Akamwonyesha kitambaa na mahali pa matundu, akamweleza habari ya soksi. Akasema hapa alisimama, mikono yake iko hapa na hapa, kichwa chake kilifika hapa. Binti akazichukua moja moja. Mwanzoni alizipitia kwa hasira, kama anayehesabu makosa, lakini polepole mkono wake ukapungua kasi. Gimbi. Karoti. Muhogo wenye kovu. Aliuliza nani aliuchagua huu, Paspoti akasema yeye, vyote alivichagua yeye. Aliuliza kwa nini huu umeelekezwa kushoto. Paspoti akasema hajui, aliugeuza tu, na ukawa sawa.

Karibu na mwisho wa boksi palikuwa na bahasha iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, MBOVU. Paspoti akataka kuiondoa, akisema hizo ni zilizoharibika. Binti akaukwepa mkono wake, akaifungua. Ilikuwa na picha moja. Kiazi kikuu kikubwa, kizito, lakini hakina kingo; kimetikisika, kimekuwa viwili vitatu juu ya kimoja, na mikunjo ya kitambaa kando yake nayo imetikisika, juu mpaka chini, kimo cha mtu mzima.

"Hiki kimefanya nini?"

"Kamera ilikuwa wazi sekunde mbili. Alitakiwa atulie." Paspoti aliichukua picha, akaisogeza dirishani. Hakuwa ameiangalia tangu siku aliyoiandika. "Alikuwa anacheka," akasema. "Nakumbuka nilimfokea. Alikuwa anacheka nyuma ya kitambaa, akashindwa kujizuia, nikamwambia ananiharibia filamu."

Binti akaichukua tena. Akaiweka kwenye goti, akapitisha kidole taratibu pale kiazi kilipopanda na kushuka, kilipopanda na kushuka, mara nne, kwa kadiri mabega ya mtu yanavyokwenda. Machozi yakamtoka sasa, na hakuyafuta. Ng'ambo ya ukuta kinyozi alikuwa amezima mashine yake.

"Alikuwa anacheka nini?"

Uongo ulimjia Paspoti wenyewe, mzuri, umeshakamilika: kwamba kinyozi alisema neno la mzaha, kwamba wewe ulikuwa sakafuni umevaa kofia yangu. Kingekuwa kitu cha kumpa mtoto akaenda nacho nyumbani. Aliufikisha mpaka kwenye ulimi.

"Sijui, mama," akasema. "Sikumuuliza. Nilikuwa naangalia kiazi."